Maswali ya Wasomaji: Tunatafuta Habari, Tunaletewa Matangazo

Barua tulizopokea mwezi huu kuhusu utafutaji wa habari kwenye intaneti ni nyingi, na karibu zote zinalalamikia jambo moja, kwamba majibu yamejaa takataka na kilicho cha kweli kimezama. Tumechagua tatu, na ya kwanza tumeijibu kwa kirefu kwa sababu inagusa mzizi wenyewe wa tatizo.

SWALI: Ndugu Mhariri, salamu. Mimi ni mwalimu wa sekondari mkoani Iringa. Kila matokeo ya kidato cha nne yanapotangazwa, wazazi huniletea simu zao niwasaidie kuyatafuta. Miaka ya nyuma niliandika maneno matatu tu, na tovuti ya Baraza la Mitihani ikatokea juu kabisa. Siku hizi naletewa blogu chungu nzima zenye kichwa cha habari kilekile, na nikifungua mojawapo nazungushwa kutoka ukurasa mmoja hadi mwingine huku matangazo yakila bando la mzazi wa watu. Je, tatizo ni simu, ni mtandao, au ni sisi tusiojua kutafuta?

JIBU: Mwalimu, simu za wazazi hao hazina kosa, na wewe hujasahau kutafuta. Kilichobadilika ni kile kinachotafutwa, na biashara iliyojengwa juu yake.

Chunguza kwa makini mojawapo ya blogu hizo. Kichwa chake kina mwaka wa sasa, hata kama matokeo yenyewe bado hayajatoka. Aya ya kwanza inakueleza Baraza la Mitihani ni nini, ya pili inakueleza mtihani hufanyika mwezi Novemba na matokeo hutoka Januari, ya tatu inafafanua madaraja ya ufaulu, na kati ya kila aya na nyingine pana tangazo. Chini kabisa kuna maandishi ya kukutaka ubofye ili uone matokeo, nawe ukibofya unapelekwa ukurasa wa pili wenye maelezo yaleyale yaliyopangwa upya. Mwisho wa safari, ukibahatika, unakuta kiungo cha necta.go.tz, yaani mahali ulipotaka kwenda tangu mwanzo. Mwenye blogu hana matokeo yoyote. Anachokimiliki ni nafasi yake katika orodha ya majibu, na kila mzazi anayepitishwa hapo humletea senti kadhaa za matangazo.

Nafasi hiyo aliipataje? Google, mtambo wa kutafutia habari kwenye intaneti, ilipoanzishwa mwaka 1998 na Larry Page na Sergey Brin, ubora wake ulitokana na wazo moja lenye nguvu: ukurasa unaotajwa kwa viungo na kurasa nyingine nyingi zinazoheshimika huenda ni ukurasa mzuri, kwa hiyo upandishwe juu. Wazo hilo lilifaa sana wakati watu walipoweka viungo kwa hiari yao, kwa kuwa wamependa walichokisoma. Mara tu ilipojulikana kwamba nafasi ya juu ni fedha, viungo vilianza kununuliwa, vichwa vya habari vikaandikwa kwa kufuata maneno ambayo watu huyatafuta, na makala zikarefushwa ili mtambo uzione kuwa zina uzito. Ikazaliwa kazi kamili ya kuandika kwa ajili ya mtambo badala ya msomaji, na leo wapo wanaoishi kwa kazi hiyo katika kila nchi.

Hili halisemwi na wasomaji wetu peke yao. Mwaka 2024 watafiti wa Ujerumani, kutoka Leipzig na Weimar, walichapisha uchunguzi ambao kwa mwaka mzima ulifuatilia maswali 7,392 ya watu wanaotaka ushauri wa bidhaa, kwa kutumia mitambo ya Google, Bing na DuckDuckGo. Waliona kwamba kurasa zilizokaa juu zilielekea kuwa zimepambwa zaidi kwa ajili ya mtambo, zina viungo vingi zaidi vya kumpatia mwandishi kamisheni msomaji anaponunua, na maandishi yake ni hafifu. Waliona pia kwamba Google hupambana na kurasa hizo, zikapungua kwa muda, kisha zikarudi. Machi 2024 Google yenyewe ilitangaza hatua mpya dhidi ya makala zinazozalishwa kwa wingi, zikiwamo zinazoandikwa kwa akili unde (AI), na baadaye ikasema maudhui hafifu katika majibu yake yamepungua kwa asilimia 45. Sina sababu ya kulikataa moja kwa moja dai hilo la Google, lakini mzazi wa Iringa anayetafuta matokeo ya mwanawe haoni unafuu huo.

Kuna sababu nyingine ambayo naiona nzito kuliko ujanja wa wenye blogu. Katika andiko lao la kitaaluma la mwaka huohuo wa 1998, Page na Brin walionya kwamba mtambo wa kutafutia unaoendeshwa kwa fedha za matangazo utaelekea kuwapendelea watangazaji kuliko watafutaji. Miaka miwili tu baadaye kampuni yao ilianza kuuza matangazo yanayofungamana na maneno yanayotafutwa, na hadi leo sehemu kubwa ya mapato yake hutoka huko. Simaanishi kwamba wanaotuharibia majibu wanafanya hivyo kwa makusudi. Ninachosema ni kwamba mtu akichelewa kupata jibu, akashuka ukurasa na kubofya tangazo njiani, hakuna anayepoteza fedha isipokuwa yeye.

Kwa jambo lako, Mwalimu, usitafute kabisa. Andika necta.go.tz moja kwa moja kwenye kisanduku cha anwani cha juu, kisha uihifadhi katika alamisho za simu, hata kama siku ya matokeo inachelewa kufunguka kwa wingi wa watu. Kwa mambo mengine ya serikali usiyoyajua anwani zake, andika unachokitaka kisha uongeze site:go.tz, bila kuacha nafasi baada ya nukta mbili. Mtambo utakuletea kurasa za taasisi za serikali ya Tanzania tu. Jirani zetu wa Kenya watumie site:go.ke. Njia hiyo inafaa sana kwa nafasi za kazi, maana huko nako blogu za kunakili matangazo ni nyingi mno. Wafundishe wanafunzi wako jambo hili moja hata kama hamna kompyuta za kutosha, kwa sababu linafanya kazi vilevile katika simu. Na ukurasa wowote unaomtaka mzazi ajiunge kwanza na kundi la WhatsApp, au atoe fedha, ili aone matokeo, ufungwe papo hapo.

SWALI: Mhariri, hujambo? Nimeshauriwa na rafiki nihamie DuckDuckGo ili nipate majibu safi. Nimehamia, lakini naona mengi ni yaleyale. Je, nimekosea mahali? Msomaji wako, Mombasa.

JIBU: Hujakosea, dada yangu. Kuendesha mtambo wa kutafutia kunahitaji faharasa, yaani nakala ya mabilioni ya kurasa iliyopangwa ili ipekuliwe kwa haraka, na gharama ya kuijenga ni kubwa mno. Ndiyo maana majina mengi unayoyaona yanategemea faharasa ya mwingine: DuckDuckGo hupata sehemu kubwa ya viungo vyake kutoka Bing ya Microsoft, na Startpage hutumia majibu ya Google. Ulichopata kwa kuhama ni faragha, kwa sababu hawakufuatilii kwa namna ileile, na hicho si kitu kidogo. Majibu, hata hivyo, yanatoka kisima kilekile.

Ukitaka tofauti ya kweli, jaribu wenye faharasa yao wenyewe. Brave Search, iliyoanza mwaka 2021, iliacha kutegemea Bing mwaka 2023. Mojeek ya Uingereza ina faharasa yake pia, na ingawa ni ndogo, mara nyingine huibua kurasa za watu binafsi ambazo kwingine zimefukiwa. Kagi, ambayo huchanganya faharasa yake ndogo na majibu ya mitambo mingine, hulipiwa, dola 10 kwa mwezi kwa matumizi yasiyo na kikomo. Haina matangazo, na inakuruhusu kuifungia tovuti usiyoitaka isikutokee tena. Kwa kipato cha wengi wetu bei hiyo ni kubwa, lakini mwandishi au mtafiti anayetafuta siku nzima anaweza kuona ina faida. Kwa maneno ya Kiswahili, nakutahadharisha mapema, faharasa ndogo zina mapengo mengi, kwa hiyo usiufute ule mtambo mkubwa, tumia miwili.

Kuhama kunahitaji kugusa mipangilio ya kivinjari tu, lakini wachache hufanya hivyo, na Google inalijua hilo. Katika kesi iliyoamuliwa Agosti 2024 huko Marekani, Jaji Amit Mehta alisema kampuni hiyo imehodhi soko la utafutaji kinyume cha sheria, na ushahidi ulionyesha kwamba mwaka 2021 peke yake ililipa dola bilioni 26.3 ili iwe chaguo la awali katika simu na vivinjari.

SWALI: Ninasoma fasihi ya Kiswahili nikiwa Maskati. Juu ya majibu siku hizi kuna muhtasari wa akili unde. Niliuliza kuhusu tenzi za kale, nikaletewa beti ambazo hazimo katika nakala yoyote niliyowahi kuisoma. Nifanyeje?

JIBU: Ndugu mwanafunzi, usizinukuu beti hizo popote. Muhtasari huo hutungwa kwa kukadiria maneno yanayoelekea kufuatana, na pale ambapo maandishi ya kusomea ni machache, mtambo huziba pengo kwa kinachofanana na kweli. Mei 2024, Google ilipoanza kuueneza Marekani, uliwashauri watu waweke gundi kwenye piza, kwa kuokota mzaha wa zamani wa mtandaoni. Kosa hilo lilionekana haraka kwa sababu kila mtu anaijua gundi. Ubeti wa uongo wenye vina na mizani sahihi utagunduliwa na wachache.

Kwa somo lako, anza palipo na miswada yenyewe. Maktaba ya chuo cha SOAS mjini London ina mkusanyo mkubwa wa miswada ya Kiswahili kwa hati ya Kiarabu, na sehemu yake inasomeka mtandaoni kwa picha. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam nacho kina hazina yake ya miswada, na majarida yake ya Kiswahili na Mulika yamewekwa kwenye tovuti ya majarida ya chuo. Tafuta ndani ya tovuti hizo, kwa jina la utenzi au mstari wake wa kwanza ulioufunga kwa alama za mtajo, na ujaribu tahajia zaidi ya moja, kwa sababu walioinakili miswada hiyo kwa hati ya Kilatini hawakuandika kwa namna moja.