Maswali ya Gereji: Kuagiza heda za Land Cruiser kwa pamoja

*Wakuu, shikamooni. Tuko wamiliki kumi na wawili wa gari za utalii hapa Arusha. Wengi wetu tuna Land Cruiser za injini ya dizeli ya 1HZ, na manifoldi za egzosi (chuma kinachokusanya moshi kutoka kwenye silinda) zimepasuka, mafundi wamezichomelea mpaka wamechoka. Tumepata muuzaji wa nje wa heda, yaani manifoldi za mabomba ya kuchomelea, anasema tukifika seti kumi bei inashuka. Tuanzie wapi tusije tukagombana?*
Msomaji, Njiro, Arusha

Marahaba. Anzeni na magari, bei itasubiri. Kabla mtu hajatoa shilingi, mmoja wenu apite gari kwa gari na daftari. Aandike namba ya modeli iliyo kwenye kibati ndani ya boneti (HZJ75, HZJ78, HZJ79 na kadhalika), namba ya injini iliyogongwa kwenye bloku, mwaka, upande wa usukani, kipenyo cha bomba linalotoka kwenye manifoldi, na kama kuna tabo. Kisha apige picha manifoldi ikiwa mahali pake, moja kutoka juu na moja kutoka chini ya gari.

Hilo neno lako "wengi wetu" ndilo litakaloleta ugomvi. 1HZ ni injini moja, lita 4.2, silinda sita, lakini imefungwa kwenye chasisi nyingi. HZJ75 ina springi za majani mbele, wakati HZJ78 na HZJ79 zilizokuja kuanzia 1999 zina koili. HZJ105 ni gari jingine kabisa kwa chini. Flenji (bamba la kufungia bolti) ya upande wa injini inaweza kukaa vizuri kwenye zote, halafu mdomo wa kutokea ukagonga chasisi au ukaangalia pembeni. Gari iliyoongezewa tabo mtaani haihitaji heda hii hata kidogo, inahitaji manifoldi ya tabo. Tena msiamini kadi ya gari. Arusha kuna HZJ nyingi ambazo injini ilishabadilishwa; aliyefungua boneti ndiye anayejua.

Mkimaliza orodha, gaweni makundi. Kama zinazofanana ni nane tu, agizo lenu ni la seti nane, wala msilazimishe nne zilizobaki ili mfikie kumi. Punguzo la kufika kumi halilipi heda nne zinazokaa stoo.

Kama gari zenu zimerefushwa chasisi, kama nyingi za utalii, msinunue "mfumo kamili hadi nyuma". Bomba refu la kiwandani halitafika. Chukueni heda na bomba la mbele lenye flenji yake. Kuanzia hapo fundi egzosi wa Arusha atakunja bomba kufuata urefu wa kila gari, na sailensa mtanunua hapa.

Na jambo ambalo muuzaji hatawaambia: 1HZ haina tabo, hivyo heda peke yake haiongezi nguvu ya kumfanya dereva ashangae. Mkiunga heda mpya kwenye bomba la zamani lililobonyea na sailensa iliyojaa masizi, faida yake ni kwamba mmepata kitu ambacho hakijapasuka. Kwa hali ya manifoldi zenu hiyo ni sababu tosha, lakini kila mwanachama aijue kabla ya kuchanga.

*Muuzaji ametupa bei ya dola 400 kwa seti. Mweka hazina wetu amezidisha kwa kumi na mbili na kutangaza mchango. Je, yuko sahihi?*
Msomaji huyohuyo, kwa ujumbe wa pili

Hayuko sahihi, na afute tangazo leo. Tuchukue namba za mfano. Seti 12 kwa dola 400 ni 4,800. Nauli ya meli tuseme 360, bima 40. Thamani ya mzigo ukifika bandarini inakuwa 5,200. Ushuru wa forodha tukikadiria asilimia 10 ni 520. VAT ya asilimia 18 haitozwi kwenye 5,200, inatozwa kwenye 5,720, nayo ni takribani 1,030. Wakala wa forodha, gharama za bandari na lori la Dar hadi Arusha, tuweke 900. Jumla ni 7,650, yaani kama dola 637 kwa seti. Tozo nyingine za bandarini wakala atazitaja kwenye makadirio yake. Yaombeni kwa maandishi kabla ya kumlipa muuzaji. Hapohapo muulizeni kama shehena yenu inahitaji cheti cha PVoC cha TBS, yaani cha Shirika la Viwango kinachotolewa baada ya mzigo kukaguliwa huko unakotoka. Kukitafuta mzigo ukiwa tayari bandarini kunakula siku, na kila siku hulipiwa.

Profoma (ankara ya awali ya muuzaji) isiandikwe "auto parts" tu. Kwa namba za forodha za bidhaa, manifoldi huingia kwenye kundi la vifaa vya injini, 8409. Mabomba na sailensa huingia 8708. Kila kitu kiandikwe mstari wake, idadi na bei yake, ili afisa wa forodha asikae kukisia.

Kuhusu usafiri, pimeni sanduku kabla ya kuuliza bei. Heda ni nyepesi lakini inakula nafasi. Sanduku la sentimita 80 kwa 40 kwa 35 ni mita za ujazo 0.112. Kwa ndege, zidisheni vipimo hivyo mgawe kwa 6,000: mnapata kilo 18.7 za kulipia, hata kama mzani unasoma 12. Kampuni za vifurushi vya haraka hugawa kwa 5,000, na hapo inakuwa 22.4. Kwa kontena la kuchangia mnalipa kwa mita ya ujazo, na kwa kawaida kiwango cha chini ni mita moja. Masanduku manane ni 0.896, kwa hiyo manane yanalipa karibu sawa na sita. La tisa linavuka mita moja na kuanza kulipiwa juu yake. Seti 12 ni mita 1.34.

Fedha: akaunti ya benki yenye watia saini watatu, siyo simu ya mtu mmoja hata awe mzee wa kanisa. Wauzaji wengi huomba asilimia 30 kuanza kazi na 70 kabla ya mzigo kuondoka. Nyinyi chukueni nusu ya gharama yote (ile 637, siyo 400) siku ya kujiandikisha, na nusu ya pili kabla ya kutuma zile 70. Asiyekamilisha siku hiyo, nafasi yake inauzwa kwa aliye kwenye orodha ya kusubiri na amana yake inarudi baada ya mtu huyo kulipa, siyo kabla. Kikundi kisimkopeshe mtu; hapo ndipo kumi wanageuka wadai wa wawili. Kusanyeni kwa shilingi na muweke asilimia 5 ya ziada kwa ajili ya kupanda kwa dola. Ikibaki, irudi kwa kila mtu.

*Tutajuaje heda ni ya gari letu wakati kitu kiko ng'ambo?*
Msomaji, Moshi

Nunueni gasketi mpya ya manifoldi ya 1HZ dukani, muipige picha ikiwa imelala juu ya rula ya chuma, mumtumie muuzaji. Naye alaze gasketi ya aina hiyohiyo juu ya flenji ya heda yake, apige picha kwa juu kabisa bila kuinamisha kamera. Matundu ya bolti yakipishana hata kwa milimita mbili mtaona. Mwombeni pia unene wa flenji ukisomwa kwenye vernia (kipimo cha milimita). Milimita 10 ndiyo tunayoitaka. Flenji ya 6 hujikunja kwa joto, na kwenye injini ndefu ya silinda sita inaanza kuvuja ncha za mwisho, silinda ya kwanza na ya sita.

Baada ya picha, leteni seti moja kwa ndege na muifunge kwenye gari moja la kundi lile. Nauli ya ndege ya seti moja igawanywe kwa wote, hata asiyefungiwa. Gari litembee na mzigo, lipande mlima, lirudi, ndipo amana ya zile nyingine iende. Muuzaji anayekataa kuuza moja kwanza amewajibu tayari.

Siku mzigo ukifika, kila sanduku lifunguliwe mbele ya watu wawili huku video ikirekodi kuanzia utepe ukiwa haujakatwa. Kwenye makubaliano ya ununuzi andikeni mapema: siku ngapi za kulalamika, na nani analipa nauli ya kurudisha kitu kibovu. Bila mstari huo wa pili dhamana ni karatasi tu, kwa sababu nauli ya kurudisha inaweza kukaribia bei ya heda.

*Ndugu yetu yuko Sharjah, anasema atanunua kwa taslimu na kutia kwenye kontena la rafiki yake. Ni rahisi zaidi, au?*
Msomaji, Tanga

Ni rahisi mpaka forodha. Bila ankara yenye jina lenu, thamani ya mzigo itakadiriwa na forodha, na makadirio hayo hayana desturi ya kuwapendelea. Mzigo ukiwa ndani ya hati ya shehena ya mtu mwingine, yeye akikwama na nyinyi mmekwama. Anunue huyo ndugu, lakini kwa ankara, na masanduku yasafiri kwa hati yenu.

*Tulifunga heda za agizo la pamoja mwezi uliopita Mombasa. Tatu kati ya saba zinapiga "tik tik" asubuhi, injini ikipata moto zinanyamaza. Mwingine stadi mbili (bolti zisizo na kichwa zinazoshika heda) zilikatika. Heda ni feki?*
Msomaji, Changamwe

Huenda heda ni nzima na ufungaji ndio mbovu. Mlio wa asubuhi unaopotea injini ikipata moto ni uvujaji kwenye flenji: chuma kikipanuka kinaziba mwanya. Angalieni alama nyeusi ya masizi pembezoni mwa gasketi. Kama haionekani, injini ikiwa baridi na imezimwa, pulizeni hewa kidogo kupitia bomba la nyuma kisha mnyunyizie maji ya sabuni kwenye maungio, povu litawaonyesha.

Vueni heda, lazeni rula iliyonyooka kwenye flenji yote na mpitishe fila (vibati vyembamba vya kupimia mwanya). Pimeni uso wa kichwa cha silinda pia, maana manifoldi ya zamani iliyovuja kwa miaka inaweza kuwa imekula chuma hapo. Gasketi iwe ya tabaka za chuma, mpya, na kavu: silikoni kwenye egzosi inaungua siku ya kwanza na kuacha mwanya mkubwa kuliko ulioanza nao. Kazeni kuanzia katikati kwenda ncha zote mbili, kwa hatua tatu, kwa toki renchi (spana inayopima nguvu ya kukaza) na kwa kiwango cha kitabu cha injini. Kisha, na hapa ndipo mafundi wengi huishia njiani, kazeni tena injini ikiwa baridi baada ya gari kupata moto na kupoa mara mbili tatu, na tena baada ya kama kilomita 500. Gasketi mpya hujibana, nati zikalegea. Bei ya kufunga mliyokubaliana na fundi iwe na siku hiyo ya pili ndani yake.

Stadi hukatika kwa haraka ya fundi. Zinyunyiziwe mafuta ya kulegeza kutu usiku wa kuamkia kazi, asubuhi tena. Nati ikigoma, ipashwe moto nati yenyewe, ifunguliwe robo mzunguko, irudishwe nusu ya hapo, ifunguliwe tena. Kila kikundi kiagize pamoja na heda seti nzima ya stadi na nati mpya kwa kila gari, na mbili tatu za akiba, kwani kutafuta stadi moja gari likiwa wazi gereji ni siku imepotea. Wakati wa kufunga pakeni grisi ya nikeli ya joto kali kwenye nyuzi.

Angalieni pia bomba linavyoning'inia. Heda haikuumbwa kubeba uzito wa bomba la mita mbili. Hanga ya kwanza iwe karibu na gia boksi, na baada ya mahali mabomba sita yanapoungana kuwe na kipande kinachonesa, la sivyo kila injini inapotikisika ufa unaanza kwenye maungio ya kuchomelea. Na hapo Mombasa msifunge ule utepe wa kuzuia joto juu ya heda ya chuma cha kawaida. Unashika unyevu wa chumvi, na heda inaoza chini yake bila mtu kuona.

*Nina Prado ya petroli, injini 1GR-FE, nimeambiwa naweza kujiunga na kikundi cha heda. Nitapata taa ya injini?*
Msomaji, Nairobi

Usijiunge na kikundi cha 1HZ, tafuta chenye injini yako. 1GR ni V6, yaani silinda tatu kila upande, hivyo seti ni heda mbili, kushoto na kulia. Hakikisha bei uliyopewa ni ya jozi. Taa huwaka kwa sababu mbili kuu. Ya kwanza, heda imehamisha au kuondoa masega (kifaa cha kusafisha moshi), na kompyuta inaandika P0420, namba ya hitilafu ya masega. Ya pili, uvujaji kabla ya sensa ya oksijeni ya mbele unavuta hewa ya nje. Sensa inadhani mchanganyiko una petroli kidogo mno, kompyuta inaongeza petroli na gari linaanza kunywa. Chagua heda fupi inayoacha masega mahali pake na yenye soketi za sensa zilizochomelewa tayari. Muulize muuzaji pia kama nyaya za sensa zitafika bila kurefushwa, na kama ni stenilesi (chuma kinachostahimili kutu) ya 304 au 409. Ukitaka kuthibitisha mzigo ukifika, beba sumaku: 409 hunata, 304 karibu haishiki.