Seva ya bei nafuu ya kurushia video mubashara

Kwa kuwa umeuliza seva ipi ya kukodi itahimili watazamaji 200 kwa wakati mmoja bila kukugharimu sana, nakushauri usianze na ukubwa wa RAM wala diski, bali uanze na data inayotoka. Video yenye megabiti 3 kwa sekunde humfikishia kila mtazamaji takriban gigabaiti 1.35 kwa saa, kwa hiyo watazamaji 200 watakula gigabaiti 270 kwa saa moja tu, na njia ya mtandao italazimika kubeba megabiti 600 kila sekunde bila kukatika. Hapo ndipo wengi huumia, kwa sababu kodi ya mwezi huonekana ndogo ilhali kila gigabaiti inayozidi kiwango hutozwa pembeni. Soma kwa makini kipengele hicho kabla ya kulipa, na uulize kama kasi iliyotangazwa ni yako peke yako au mnagawana na wateja wengine.

Prosesa ni suala dogo ikiwa seva inapokea video na kuisambaza jinsi ilivyo, kazi ambayo Nginx (programu ya seva ya wavuti) yenye moduli ya RTMP (kiongezo cha kupokea na kurusha video) huifanya vizuri hata kwenye mashine ndogo. Ukitaka ibadilishe video kuwa ya viwango kadhaa vya ubora, mashine hiyo haitatosha.

Kodi kwanza kwa saa chache, kisha upime kasi kwa iperf3, programu ya kupima kasi ya mtandao, nyakati za jioni, watumiaji wanapokuwa wengi.