Magari ya nguvu niliyoyauza kando ya Barabara ya Woodward

Ndugu Mhariri,

Katika toleo la wiki hii mmewauliza wasomaji: "Ni mashine gani iliyowahi kupita mikononi mwako ambayo hujaisahau, na kama ungeipata tena leo ungeifanyia nini?" Jibu langu ni gari, Pontiac GTO la mwaka 1966, na pamoja nalo kundi zima la magari ya Kimarekani ya mwendo kasi niliyoyauza na kuyaendesha katikati ya miaka ya 1970, nilipokuwa muuzaji kwenye yadi ya magari yaliyotumika kaskazini mwa jiji la Detroit, jimbo la Michigan. Mimi ni mzaliwa wa Tanga na nilifika huko kwa masomo. Kazi ya yadi niliianza ili nijikimu, nikaja kuipenda kwa sababu ya magari yenyewe.

Wasomaji wengi wa nyumbani wamezoea magari ya Kijapani, kwa hiyo nianze kwa kueleza haya yalikuwa magari ya namna gani. Mwanzoni mwa 1963 kampuni ya General Motors ilizikataza idara zake kujihusisha na mashindano ya magari, na ilikuwa pia na kanuni kwamba magari yake ya ukubwa wa kati yasifungwe injini kubwa kupita kiasi. Wahandisi wa Pontiac, chini ya John DeLorean aliyekuwa mhandisi mkuu wa idara hiyo, walitafuta upenyo. Hawakutoa gari jipya, ambalo lingehitaji kibali cha wakubwa, bali walilitangaza GTO kuwa nyongeza tu ambayo mteja aliweza kuiagiza anaponunua Tempest LeMans ya kawaida. Kwa nyongeza hiyo gari la kati lilipata injini ya silinda nane yenye inchi za ujazo 389, yaani karibu lita 6.4, iliyotajwa kuwa na nguvu za farasi 325, au 348 kwa mteja aliyeongeza fedha akafungiwa kabureta tatu badala ya moja. Mwaka wa kwanza, 1964, yaliuzwa zaidi ya 32,000. Mwaka 1966, ambapo GTO lilikwisha kuwa gari linalojitegemea, yaliuzwa karibu 97,000. Baada ya hapo kila kampuni ilitaka lake: Chevrolet na Chevelle SS, Oldsmobile na 442, Buick na Gran Sport, Dodge na Charger, na Plymouth ikaleta Road Runner la 1968, gari lisilo na mapambo yoyote ya maana, lenye honi iliyolia kama yule ndege wa katuni mwenye jina hilohilo, ambalo bei yake ya kuanzia haikufika dola 3,000.

Bei hiyo ndiyo kiini cha jibu langu. Hayakuwa magari ya mabwanyenye. Wazungu wa Ulaya walikuwa na magari yao ya kasi, mazuri kweli, yaliyotengenezwa machache kwa ajili ya wachache. Haya ya Detroit yalitengenezwa kwenye mikanda ileile ya kiwanda iliyotoa magari ya familia, yakanunuliwa na mafundi, madereva wa malori, askari waliorejea kutoka Vietnam na vijana waliopata ajira yao ya kwanza. Mteja aliyeingia yadini kwetu kuangalia Dodge Challenger aliweza kuwa ndiye aliyelipachika milango kule kiwandani Hamtramck. Namkumbuka mmoja wa aina hiyo, mtu mzima mwenye mikono mipana, ambaye kabla hajauliza bei wala maili alifungua mlango wa dereva, akaunyanyua kidogo kwa vidole ili aone kama bawaba zimelegea, akaufunga polepole huku ameinamisha sikio, kisha akaufungua na kuufunga tena. Aliporidhika aliniambia kwamba mlango ule ulipachikwa na mtu aliyejua kazi yake. Injini aliitazama baadaye, tena kwa haraka.

Sababu ya magari hayo kujaa kwenye yadi yetu ni kwamba mambo kadhaa yalikuwa yameyaandama kwa pamoja. Kampuni za bima zilikuwa zimepandisha ada kwa vijana wenye magari ya nguvu, kiasi kwamba aliyeweza kulipa mkopo wa gari alishindwa kulipa bima yake. Sheria ya hewa safi ilitiwa saini siku ya mwisho ya mwaka 1970, na General Motors ilikwisha kupunguza mgandamizo wa injini zake kuanzia magari ya 1971 ili ziweze kutumia petroli isiyo na madini mengi ya risasi. Mwaka 1972 kampuni zikaanza kutangaza nguvu za injini kama inavyopimwa ikiwa imefungwa vifaa vyake vyote, mfumo wa moshi ukiwemo, badala ya kuipima ikiwa tupu kwenye meza ya majaribio. Ndipo Chevelle yenye injini ya inchi 454, iliyoandikwa farasi 365 mwaka 1971, ikaandikwa 270 mwaka uliofuata. Sehemu kubwa ya anguko hilo ilikuwa ya kalamu, lakini mnunuzi hakuyajua hayo. Kisha Oktoba 1973 nchi za Kiarabu zilisitisha kuiuzia Marekani mafuta, foleni zikazunguka vituo vya petroli, na mapema mwaka 1974 Rais Nixon akasaini sheria ya kikomo cha mwendo cha maili 55 kwa saa nchi nzima. Mtu mwenye gari linalokwenda maili 10 au 12 kwa galoni alianza kuliona kuwa mzigo.

Basi wakawa wanayaleta. Walikuja na GTO, na Road Runner, na Charger, wakiomba tuwape gari dogo na fedha kidogo juu yake. Tuliyauza kwa chini ya dola 1,000, na mengine kwa bei ambayo leo haitoshi kununua tairi nne nzuri. Hata kabla ya hapo soko lilikuwa limekwisha kuonyesha ukatili wake: Plymouth Superbird la 1970, lenye pua ndefu na bawa refu lililosimama juu ya buti, lilitengenezwa chini ya 2,000 kwa sababu ya mashindano ya magari ya NASCAR, na baadhi ya wauzaji waliokaa nalo muda mrefu bila mteja waliling'oa pua na bawa wakaliuza kama Road Runner la kawaida. Mtu aliyeona mashine iliyoundwa kwa ajili ya mashindano ikikatwa namna hiyo ili ipate mnunuzi hawezi tena kuamini kwamba bei na thamani ni kitu kimoja.

Mwenye yadi, mzee wa asili ya Poland aliyeanza kuuza magari kabla ya vita vya pili vya dunia, alinifunza kukagua gari kabla ya kulisifia. Michigan humwaga chumvi barabarani wakati wa theluji, na chumvi hula bodi kutoka ndani, hivyo rangi inayong'aa haithibitishi lolote. Tulikuwa na sumaku ndogo iliyofungwa kwenye kitambaa, nasi tuliipitisha taratibu nyuma ya magurudumu ya nyuma na chini ya milango. Pale ilipoacha kunata tulijua kwamba bati limekwisha na kilichobaki ni puti. Kisha tuliinua zulia la buti tukabonyeza sakafu kwa bisibisi. Injini tuliiwasha ikiwa baridi, kwa kuwa injini iliyopashwa moto na mwenyewe kabla ya kuileta huwa na sauti nzuri na huficha mengi. Kwa GTO tulisoma namba ya utambulisho ya gari iliyotolewa kiwandani: kuanzia 1966 hadi 1971 ya lile la kweli ilianza na tarakimu 242, na kama hazikuwepo, basi ni LeMans iliyobandikwa nembo. Wakati ule udanganyifu huo ulikuwa nadra kwa kuwa haukuwa na faida. Siku hizi umekuwa kazi ya watu, na wanunuzi hukagua kila namba iliyochongwa kwenye injini na giaboksi, na hufurahi kama waliookota dhahabu wakikuta ile karatasi ya maagizo ya kiwandani, iliyochakaa na kuliwa na panya, imenasa kwenye springi za kiti.

Sasa niseme juu ya kuyaendesha, kwa sababu muuzaji alipaswa kutoka na mteja kulijaribu gari, na yadi yetu ilikuwa karibu na Barabara ya Woodward. Barabara hiyo inatoka katikati ya Detroit, inapita Ferndale, Royal Oak na Birmingham, na kuishia mji wa Pontiac. Ni pana, ina njia nne kila upande katika sehemu nyingi na kisiwa cha majani katikati, na anayetaka kurudi alikotoka hapindi kwenye makutano bali hupita mbele kidogo akageuzia kwenye upenyo wa kisiwa. Miaka ya 1960 ilikuwa uwanja wa vijana kuchuana usiku kutoka taa hadi taa, na inasemwa wazi kwamba hata wahandisi wa kampuni walizileta pale injini zao wakazipima dhidi ya za wenzao. Nilipofika mimi mchuano ulikuwa umepungua, lakini barabara ilikuwa ileile.

GTO lile la 1966 lilikuwa na gia nne za mkono na klachi nzito iliyomchosha mguu dereva kwenye foleni. Likiwa limesimama kwenye taa lilitikisika kidogo upande hadi upande, na kijiti cha gia kilitikisika kwenye kiganja. Taa ikiwaka kijani na dereva akakanyaga mafuta kwa kiasi, ile kabureta ya katikati ndiyo iliyofanya kazi peke yake, na gari lilikwenda kwa adabu kama taksi. Akizidisha, mbili za pembeni zilifunguka. Sauti ilibadilika kutoka mngurumo kuwa ukelele wa hewa inayovutwa, boneti ikainuka mbele ya macho, na mgongo ukabanwa kwenye kiti mpaka atakapobadilisha gia. Kusimama lilikuwa jambo jingine. Gari la tani moja na nusu na ushee lilikuwa na breki za ngoma magurudumu yote manne, na baada ya kuzikanyaga kwa nguvu mara mbili tatu mfululizo zilipata joto na pedeli ikawa haina jibu. Tairi za wakati ule zilikuwa nyembamba, na kwenye lami yenye maji upande wa nyuma ulitaka kupita mbele. Kwa sababu hiyo sikumruhusu kijana yeyote kuliendesha kabla sijamwonyesha mimi mwenyewe, nikiwa kwenye usukani, umbali unaohitajika ili lisimame. Wapo walioona kwamba ninaua biashara. Niliona, na bado naona, kwamba ni wajibu wa anayeuza kitu chenye nguvu kukionyesha pande zote mbili.

Leo magari hayo yamepanda mnadani hadi mahali ambapo waliokuwa wateja wangu hawawezi kufika. Plymouth Hemi 'Cuda la 1971 lisilo na paa liliuzwa mwaka 2014 kwa dola milioni 3.5. Siyalaumu magari kwa hilo, wala simlaumu anayetunza chake vizuri, lakini naumia ninapoona gari lililojengwa na wafanyakazi kwa ajili ya wafanyakazi limewekwa ndani ya chumba chenye kiyoyozi, likihamishwa kwa lori lililofunikwa kutoka mnada mmoja hadi mwingine, bila injini yake kupata joto. Ndiyo maana nayathamini sana matembezi ya magari ya kale yanayofanyika Woodward karibu kila Agosti tangu 1995, yaliyoanzia Ferndale kama harambee ya uwanja wa soka wa watoto. Pale bado unamwona mstaafu wa kiwandani akiendesha Chevelle yake mwenyewe, na wajukuu wamejaa kiti cha nyuma.

Mmeuliza ningelifanyia nini kama ningelipata tena. Ningelifunga breki za diski mbele na tairi za kisasa, na ningebadilisha vikalio vya vali za moshi kuweka vya chuma kigumu, kwa kuwa injini ile ilitegemea risasi iliyokuwamo kwenye petroli ya zamani kuvilinda. Wakusanyaji watasema kwamba nimelishushia thamani, na kwa hesabu yao ni kweli. Kabureta tatu nisingeziondoa. Kisha ningeingia barabara kuu ya I-75 siku ya kazi, wakati haina msongamano, nikaelekea kaskazini hadi daraja la Mackinac, na wajukuu wangu ningewapa zamu za kuendesha, kila mmoja baada ya kumwonyesha umbali wa kusimama.

Msomaji wenu,
Michigan, Marekani