Nyuklia inailinda nchi kweli? Najibu maswali yenu

Tangu India na Pakistan warushiane makombora na droni siku nne Mei 2025 maswali ya nyuklia hayakauki, leo najibu manne.

Si nyuklia ndio iliyowafanya wasimamishe vita haraka?

Ilichangia, sikatai. Ila wote wawili walilipua mabomu ya majaribio Mei 1998, na mwaka mmoja tu baadae wakawa wanauana Kargil, kwenye milima ya Kashmir, jimbo wanalogombania. Wanajeshi wa Pakistan walivuka mstari unaoigawa Kashmir kati ya nchi hizo mbili wakajichimbia kwenye vilele vya milima upande wa India, na India ikapoteza askari zaidi ya 500 kuwaondoa. Marubani wa India walikatazwa kabisa kuvuka ule mstari, hapo woga wa bomu ulifanya kazi, lakini woga huohuo ndio uliompa jeuri aliyeanzisha, maana alijua jirani yake hatathubutu kujibu kwa nguvu zote. Kwahiyo vita kubwa imezuiliwa, ndogo ndogo haziishi, na wanaokufa ni watu wa mpakani.

Ukraine isingeyatoa mabomu yake ingevamiwa?

Hili linaniuma. 1994 kule Budapest, Urusi, Marekani na Uingereza waliweka saini kwamba Ukraine ikiyatoa mabomu wataheshimu mipaka yake, alafu 2014 Urusi ikachukua Crimea na 2022 ikaingia mzima mzima. Anayesema Ukraine walidanganywa namuelewa kabisa. Ila yale mabomu mamia kwa mamia yalikuwa ya Kisovieti, yaani yaliachwa pale Muungano wa Kisovieti ulipovunjika, namba za siri za kuyarusha ziko Moscow, na Ukraine yenyewe haikuwa na hela za kuyatunza. Walichokosa ni mtu wa kuwalinda saini ilipovunjwa.

Kwani bomu linaweza kurushwa kwa bahati mbaya?

Jamani, hapa ndipo usingizi unaniisha. Usiku wa 26 Septemba 1983 afisa wa Kisovieti anaitwa Stanislav Petrov yuko zamu kwenye handaki nje ya Moscow, king'ora kinalia, kompyuta inasema Marekani imerusha kombora, kidogo linaonekana la pili, mpaka yanafika matano. Na hali ilikuwa mbaya tayari, wiki tatu nyuma Wasovieti walikuwa wametungua ndege ya abiria ya Korea Kusini wakafa watu 269. Petrov akawaza, mtu anayeanzisha vita ya dunia atarusha matano tu? Akawaambia wakubwa zake mtambo umekosea, alafu akakaa kusubiri rada za ardhini kama zitaona kitu. Hazikuona. Baadae ikajulikana satelaiti ilidanganywa na mwanga wa jua juu ya mawingu.

Na msiseme hayo ni ya zamani. 9 Machi 2022 India ilifyatua kombora la BrahMos kimakosa wakati wa matengenezo, likaruka zaidi ya kilomita 100 ndani ya Pakistan likaanguka karibu na mji wa Mian Channu. Halikuwa na kilipuzi na hakufa mtu, lakini aliyekuwa kwenye rada Pakistan angejuaje, na alikuwa na dakika chache tu za kuamua. Mi siwezi kuita usalama kitu ambacho kinategemea askari mmoja wa zamu atulie.

Sisi Waafrika inatuhusu nini?

Inatuhusu tangu mwanzo. Sehemu kubwa ya urani ya bomu la Hiroshima ilichimbwa Shinkolobwe, Katanga, na Wakongo ambao hakuna aliyewaambia inaenda kufanya nini. Afrika Kusini nayo ilitengeneza mabomu sita ikayabomoa yenyewe, Rais de Klerk akalitangazia bunge Machi 1993, na hakuna jirani aliyeivamia kwa sababu hiyo. Mkataba wa Pelindaba unaokataza silaha hizi bara zima unafanya kazi tangu 2009, na kiongozi yeyote wa kwetu atakayekuja kutuambia tunahitaji bomu ili tuheshimiwe nitampinga kwa nguvu zangu zote.