Mbegu za mimea inayokula wadudu: anza na Drosera capensis, na kabla ya mbegu tafuta maji

Mkuu, umeuliza kama mbegu za dionea (ule mmea wa mtego unaofunga kama taya) zinamfaa mtu anayeanza, kama joto la Dar litauruhusu ukue, na kwa nini mbegu za rafiki yako hazikuota hata moja, ilhali alizifukia vizuri kwenye udongo wa bustani wenye samadi na kuzimwagilia maji ya kisima kila siku. Mimi niko Iringa, naotesha mimea hii kwa miaka kadhaa sasa, mingi kutoka kwenye mbegu. Nitakujibu kwa ninayoyaona kwenye makopo yangu.

Dionea iweke kando kwanza. Anza na Drosera capensis. Asili yake ni Rasi ya Magharibi huko Afrika Kusini, kwenye maeneo yenye unyevunyevu na udongo maskini. Majani yake ni membamba na marefu, yamejaa vinywele vyekundu vyenye tone la gundi kwenye ncha. Kijidudu kikitua kinanata, vinywele vya jirani vinainama kukielekea, na kwa muda wa saa kadhaa jani lenyewe hujikunja juu yake. Haihitaji kipindi cha baridi ili ikue, maua yake hujichavusha yenyewe, na mbegu ikipata mazingira mazuri huota ndani ya wiki mbili hadi nne. Wiki nne zinatosha kukuambia kama maji yako, udongo wako na mwanga wako viko sawa. Dionea kutoka kwenye mbegu huchukua miaka mitatu hadi mitano kukomaa. Ukikosea jambo la msingi kwenye dionea, utaligundua umeshachelewa sana.

Kuhusu zile mbegu ulizoziona mtandaoni, za dionea ya bluu na ya zambarau: usinunue. Dionea za rangi hizo hazipo. Zilizopo ni za kijani na nyekundu, kwa viwango tofauti. Mbegu halisi ya dionea ni nyeusi, inang'aa, ina umbo la tone, na urefu wake ni milimita moja na kidogo. Ya capensis ni ndogo zaidi, ukipiga chafya tu imepotea. Ya Nepenthes, ile yenye vikombe vinavyoning'inia, ni ndefu na nyembamba sana, imechongoka pande zote mbili, na hupoteza uhai haraka ikikaa. Ukiletewa kitu kinene cha kufanana na mbegu ya tikiti, umeibiwa.

Sasa maji, na hapa naomba usome polepole, kwa sababu mbegu za rafiki yako zilianza kufa hapa.

Mimea hii imezoea ardhi isiyo na naitrojeni wala fosforasi ya kutosha. Ndiyo sababu ya kukamata wadudu: chakula ambacho mimea mingine inakipata kwenye mizizi, hii inakipata kwenye majani. Mizizi yake ni dhaifu, kazi yake kubwa ni kunywa maji, na haivumilii chumvi. Ukiiwekea samadi, DAP au yurea, unaiunguza. Maji ya kisima yanafanya vilevile, ila taratibu. Kila siku maji yanapaa na jua, madini yanabaki kwenye kopo, kesho unaongeza mengine. Visima vingi vya Dar vina chumvi unayoweza kuionja kwa ulimi. Kuyachemsha hakusaidii kwa chumvi hiyo, kwani mvuke unaondoka na chumvi inabaki imekolea zaidi. Maji ya kunywa ya chupa nayo mara nyingi yana madini, soma lebo yake.

Tumia maji ya mvua. Acha mvua ya kwanza ioshe vumbi la bati, kisha kinga. Wewe wa Dar una bahati, una vuli na masika. Sisi huku tuna msimu mmoja tu, unaishia Aprili, kwa hiyo nahifadhi madumu yaliyofunikwa vizuri kwa ajili ya kiangazi kizima. Usichote kwenye simtanki la nyumbani ambalo limeshachanganywa na maji ya bomba. Mvua ikikosekana, yanafaa maji yaliyotoneshwa, au yale ya mashine za RO (zinazochuja chumvi kwa kusukuma maji kwenye utando mwembamba sana) kabla hayajaongezwa madini. Wanaouza maji ya betri wana chupa za aina mbili: moja ni maji yaliyotoneshwa, nyingine ni asidi. Hakikisha umeisoma chupa, asidi inaunguza ngozi na macho.

Nunua kipimo kidogo cha TDS, yaani cha kiasi cha madini na chumvi zilizoyeyuka kwenye maji, kabla hujanunua mbegu. Unakichovya tu kwenye maji, kinatoa namba. Chini ya 50 uko salama. Kwa maoni yangu hiki ndicho kifaa pekee ambacho mtu anayeanza hawezi kukikwepa.

Udongo: changanya piti mosi (mabaki ya kuvumwani wa kwenye majimaji) na perlaiti (punje nyeupe nyepesi za mwamba wa volkano) au mchanga, nusu kwa nusu. Angalia sana hapa, maana piti mosi nyingi zinazouzwa kwenye maduka ya pembejeo kwa ajili ya miche ya nyanya na hoho zimeshatiwa chokaa na mbolea ya kuanzia. Hizo hazifai. Tafuta isiyoongezwa kitu. Kokopiti (unga wa makumbi ya nazi) inawezekana, lakini huja na chumvi. Iloweke kwa maji ya mvua, kamua, mwaga, rudia, kisha pima yale unayoyakamua mpaka namba ishuke. Mchanga wa ufukweni usiuguse: una chumvi, na una vipande vya makombe na matumbawe, yaani chokaa. Hata wa mtoni, uujaribu kwanza kwa siki. Ukitoa mapovu, una chokaa. Ukikaa kimya, uoshe kwa maji ya mvua na uutumie.

Kupanda kwenyewe ni dakika chache. Jaza kopo la plastiki lenye matundu chini, lowesha mchanganyiko mpaka uwe umeshiba, sawazisha juu. Kunja karatasi nyeupe katikati, weka mbegu kwenye mkunjo, igongegonge kwa kidole huku ukiisogeza ili zisirundikane. Usizifukie. Mbegu hizi zinahitaji mwanga ili ziote, na ni ndogo mno kusukuma udongo. Usimwagilie kwa juu pia, zitasombwa pembeni zote. Weka kopo kwenye sahani yenye maji ya kina cha sentimita moja au mbili, udongo utayavuta wenyewe. Funika na chupa ya maji iliyokatwa kitako, kifuniko kikiwa wazi ili hewa ipite. Unaona sasa rafiki yako alivyokuwa hana namna ya kufanikiwa: kufukia, samadi na kisima, vyote kwa pamoja.

Mwanga uwe mwingi, lakini chini ya ile chupa jua la saa nane mchana la Dar litazipika. Roshani inayopata jua la asubuhi inafaa. Huna roshani? Taa nyeupe ya LED, sentimita 15 hadi 20 juu ya kopo, iwake kwa jumla ya saa 14 hadi 16 kila siku.

Zikiota utaona vidoa vya kijani, ukitazama kwa lenzi utaviona vijani viwili laini. Jani linalofuata hapo, hata likiwa dogo kuliko kichwa cha pini, tayari lina vinywele na gundi. Nimeotesha mara nyingi na bado hatua hii hunisimamisha hapo hapo nikiangalia. Ukiona utando mweupe wa kuvu, ongeza hewa, usikimbilie dawa. Ukiona ukijani wa mwani unaofunika udongo wote, punguza maji ya sahani. Chupa iondoe kidogo kidogo kwa siku kadhaa, ukiitoa ghafla gundi hukauka na miche hunyauka.

Miche ikifika upana wa sentimita moja, itenganishe kwa kijiti cha meno, ukiibeba na udongo wake. Unaweza kuilisha: saga chakula cha samaki wa mapambo kiwe unga, dondosha chembe moja kwenye jani moja. Miche yangu niliyoilisha hivyo imekuwa ikiipita kwa mbali ile ya kopo la pembeni. Kwa kawaida ndani ya mwaka mmoja na nusu unapata maua ya waridi, yanayofunguka mojamoja kwenye bua. Vikasha vikikauka, vigonge juu ya karatasi, mbegu utakazopata zitakutosha wewe na mtaa mzima. Zihifadhi kwenye bahasha ndani ya friji.

Joto la Dar capensis inalivumilia, ingawa Januari na Februari inaweza kuchoka kidogo. Ukitaka zinazopenda joto zaidi, jaribu Drosera spatulata au Drosera burmannii. Hii ya pili huishi chini ya mwaka, lakini hukua haraka na hukuachia mbegu tele. Na ujue kwamba hata nchini kwetu zipo za asili, Drosera madagascariensis mojawapo, kwenye mabwawa ya nyasi na kingo za maji. Ukizikuta, zipige picha uziache. Maeneo hayo yanakaushwa kwa kilimo kila mwaka, yasipunguzwe tena na sisi tunaoipenda mimea hii.

Dionea sasa. Kwao ni Carolina Kaskazini na Kusini, Marekani, eneo dogo kuzunguka mji wa Wilmington. Huko hulala miezi mitatu au minne ya baridi na siku fupi. Dar haina baridi hiyo, na usipoipumzisha hudhoofika mwaka hadi mwaka. Wapo wanaoilaza ndani ya friji, inawezekana, ila ni kazi ya mtu aliyeshazoea. Njombe au Makete ningejaribu nje bila wasiwasi mkubwa. Ukiagiza mbegu yoyote kutoka nje, ulizia kwanza kibali na cheti cha afya ya mimea TPHPA (Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania), wasije wakakuzuilia kifurushi.

Niandikie maji yako yanasoma ngapi na roshani yako inaangalia upande gani, nikuambie uweke kopo wapi.