Maswali ya Wasomaji: Kusomea uchongaji wa sanamu ng'ambo

SWALI: Ndugu mhariri, shikamoo. Nina umri wa miaka 21, nimemaliza kidato cha sita, na tangu nikiwa shule ya msingi nimekuwa nikichonga pamoja na mjomba wangu katika soko la vinyago la Mwenge. Ninatamani kusomea uchongaji wa sanamu katika chuo kikuu cha nje ya nchi. Baba yangu anapinga. Anasema hakuna haja ya kulipia ng'ambo kazi ambayo mjomba ananifundisha bure. Wakala mmoja wa vyuo naye ameniambia nichague nchi kwanza, kisha chuo kitapatikana. Je, nianzie wapi, na kazi zangu za mpingo zitanisaidia kupata nafasi? (Mchongaji kijana, Mwenge)

JIBU: Marahaba, mwanangu. Baba yako amesema jambo ambalo ni lazima ulijibu kabla hujajaza fomu yoyote, kwa sababu ana haki kuhusu sehemu moja ya suala hili. Ikiwa unachotafuta ni kujua kuushika tezo na patasi, kuusoma mshipa wa mpingo na kumtoa mtu ndani ya gogo bila kuupasua mti, huna sababu ya kuvuka bahari. Mpingo ni mti mzito kiasi cha kuzama majini, na wachongaji wa Kimakonde wameukabili kwa vizazi kadhaa na kuzaa mitindo yao wenyewe, ukiwemo ule wa ujamaa wenye watu waliopandana na kushikana katika gogo moja, na ule wa shetani ulioanza miaka ya 1950. Hakuna profesa wa Ulaya atakayekufundisha hayo kuliko mjomba wako.

Lakini nenda Posta uitazame kwa makini Sanamu ya Askari. Ilizinduliwa mwaka 1927, ilibuniwa na Mwingereza James Alexander Stevenson, na mafundi waliisubu, yaani kuimimina metali iliyoyeyushwa ndani ya kalibu, kwa shaba nyeusi huko Uingereza kabla ya kuletwa hapa kwa meli. Sanamu inayojulikana kuliko zote katika jiji letu haikutoka mikononi mwetu, na ninaamini kwamba sababu ya kijana kama wewe kwenda kusoma nje inapatikana hapo: ujuzi wa kusubu metali, kutengeneza kalibu, kulehemu vyuma, kujenga sanamu kubwa inayoweza kustahimili jua, mvua na upepo wa chumvi wa pwani kwa miaka mingi.

Fikiria kazi yenyewe ilivyo. Wewe umezoea kupunguza. Kipande kikishatoka kwenye gogo hakirudi. Anayesubu shaba nyeusi huanza kwa kuongeza: hufinyanga umbo kwa udongo juu ya kiunzi cha nondo, akalibadili mara nyingi apendavyo, kisha hulichukulia kalibu ya plasta au ya mpira, hupaka nta ndani ya kalibu hiyo hadi apate umbo la nta lenye uwazi ndani, huizungushia nta ganda linalohimili moto, na kulitia ganda tanuruni mpaka nta yote iyeyuke na kutoka, ndipo metali iliyoyeyushwa kwa joto linalozidi nyuzi 1,000 za Selsiasi imiminwe katika nafasi iliyoachwa. Baada ya hapo kuna kulivunja ganda, kukata mifereji, kulehemu vipande na kutia rangi kwa kemikali na moto. Kazi hiyo huhitaji tanuru, winchi, mitungi ya gesi, mavazi ya kinga na watu kadhaa wanaoaminiana, na ndiyo maana ni vigumu kujifunza peke yako uani.

Kwa hiyo ushauri wa yule wakala nauona umekaa kinyume. Chagua karakana kwanza. Mwandikie kila chuo unachokifikiria na uulize maswali yanayojibika: je, wana kiwanda cha kusubu ndani ya chuo? Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza huruhusiwa kukitumia? Nani hulipia shaba, mbao na plasta? Je, karakana hufunguliwa jioni? Chuo chenye jina kubwa lakini chenye karakana iliyofungwa hakitakufaa.

Wala usidhani kwamba nje maana yake ni Ulaya tu. Kampala ni karibu, na sanaa imefundishwa Makerere tangu miaka ya 1930, alipoanza Margaret Trowell. Mwanafunzi wake Gregory Maloba, Mkenya, aliendelea na masomo Uingereza, akarudi kufundisha, na Sanamu ya Uhuru ya Kampala ya mwaka 1962 ni kazi yake. Huko Ghana, chuo kikuu cha Kumasi kina idara ya uchoraji na uchongaji, na El Anatsui, ambaye leo kazi zake zimo katika majumba makubwa ya makumbusho duniani, alisomea uchongaji katika mji huo. Tena Kumasi ipo katika nchi ya Waashanti, ambao walisubu mawe ya mizani ya kupimia dhahabu kwa njia ya nta karne nyingi zilizopita. Ningekuwa na kijana wa umri wako nyumbani, ningemshauri atazame huko kabla ya kutazama London. Kwa London, fahamu kwamba Royal College of Art hupokea wenye shahada ya kwanza, wakati chuo cha sanaa cha Slade kina shahada ya kwanza ya miaka minne ambamo uchongaji ni mojawapo ya maeneo yake. Na ada ya mgeni nchini Uingereza ni zaidi ya mara mbili ya ada ya mwenyeji.

Kuhusu mpingo wako: utakusaidia, ila kwa sharti moja. Wanaopitia maombi hutafuta fikra yako, na soko la Mwenge, kwa sababu ya biashara, humzoesha mchongaji kurudia umbo lilelile la tembo au la Mmasai ambalo mtalii amelizoea. Tenga miezi kadhaa uchonge kazi chache ambazo hakuna mteja aliyeziagiza. Zipige picha mchana, kwenye kivuli, mbele ya ukuta au kitambaa cha rangi moja, kutoka pande nne, na uandike chini yake malighafi, vipimo kwa sentimita na mwaka. Weka pia michoro ya penseli na picha za hatua za kazi, hata gogo lililopasuka, kwani vyuo hupenda kuona jinsi mwombaji anavyofikiri. Tafuta kazi ya udongo na ya chuma pia. Nafasi Art Space pale Mikocheni ni mahali pa kukutana na wasanii wanaofanya hivyo. Usitume sanamu zenyewe, na usifungashe gogo la mpingo kwenye begi, kwa sababu tangu mwaka 2017 mti huo umo katika orodha ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, na usafirishaji wake unadhibitiwa. Waulize Wakala wa Huduma za Misitu kabla ya safari.

Mpe baba yako jibu hili alisome, kisha mwende pamoja kwa mjomba mkaongee.

SWALI: Binti yangu anataka kuomba nafasi ya uchongaji Ujerumani kwa kuwa tumesikia masomo huko ni bure. Je, ni kweli, na cheti chake kitatambuliwa hapa? (Mama wa Temeke)

JIBU: Dada yangu, vyuo vingi vya umma vya Ujerumani havitozi ada ya masomo hata kwa wageni, ingawa jimbo la Baden-Württemberg huwatoza wanaotoka nje ya Umoja wa Ulaya euro 1,500 kwa muhula. Gharama kubwa ni ya kuishi: kwa ajili ya viza, mwanafunzi asiye na mfadhili hutakiwa kuonesha akiba ya euro 11,904 kwa mwaka katika akaunti maalumu, kiwango kilichoanza kutumika mwaka 2024. Mafundisho mengi ya sanaa huko ni ya Kijerumani, kwa hiyo aanze lugha mapema. Goethe-Institut ipo hapa Dar es Salaam.

Kuhusu cheti, uwe makini sana. Baadhi ya vyuo vya sanaa vya Ujerumani, kikiwemo maarufu cha Düsseldorf, havitoi shahada ya kwanza wala ya uzamili katika sanaa huria, bali hutoa cheti chao wenyewe cha kuhitimu. Kwa msanii anayejitegemea hilo halina madhara, lakini anayetarajia kuajiriwa kufundisha chuoni hapa nyumbani anaweza kukwama. Mwende Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania mkiwa na jina la chuo na la tuzo yenyewe, muulize kama itatambuliwa, na mfanye hivyo kabla ya kulipia viza.