Theta kwenye Fz: mshiriki anasinzia au anapanga?

Swali: Shikamoo mwalimu. Nafanya utafiti wa uzamili kwa EEG, kipimo cha umeme wa ubongo kupitia elektrodi za kichwani. Washiriki wanacheza fumbo la Mnara wa London: vijiti vitatu, mipira mitatu ya kuhamisha hadi ifanane na mpangilio wa mfano, na hatua zote lazima uzipange kichwani kabla ya kugusa kitu. Kila wanapofikiri, mawimbi ya theta yanapanda kwenye elektrodi ya Fz, ile ya mbele katikati. Darasani tuliambiwa theta ni dalili ya kusinzia. Je, washiriki wangu wanasinzia?

Jibu: Marahaba. Sidhani, na tafadhali usiifute hiyo data. Theta ni jina la kasi ya mawimbi ya ubongo tu, mizunguko 4 hadi 8 kwa sekunde. Angalia inatokea wapi na ina sura gani.

Theta ya kusinzia hutapakaa kichwani, na mara nyingi macho huwa yanabiringika polepole: F7, elektrodi ya mbele pembeni kushoto, inapanda huku F8 ya kulia ikishuka. Ya kupanga ni wimbi laini, mizunguko 6 hivi, lililokaa mstari wa katikati na kufifia ukienda pembeni. Chimbuko lake ni upande wa ndani wa ubongo wa mbele, sehemu inayochangamka majibu mawili yanapogombana. Mwandikie mtu neno "nyekundu" kwa wino wa kijani, mwambie ataje rangi ya wino: inapanda vilevile. Kwenye mnara, mkono unataka kunyakua mpira wa bluu kwa sababu uko juu, na akili inauzuia kwa kuwa imeshaona kwamba ukianza na huo, hatua ya tatu itakwama. Mwanasaikolojia Tim Shallice alilitumia fumbo hili mwaka 1982 kupima upangaji kwa watu walioumia ubongo. Waliolemewa hasa ni walioumia upande wa mbele kushoto.

Mimi naogopa kope kuliko usingizi. Kupepesa mara moja kunaweza kuzidi mikrovolti 100 na kuimeza theta yote. Linganisha Fz na Fp1 na Fp2, elektrodi za juu ya nyusi: wimbi likiwa kubwa zaidi kule, umepima macho. Lisafishe kabla ya kukokotoa chochote.

Halafu chambua kipindi cha kufikiri peke yake, kabla mkono haujasogea. Ongeza na jaribio la kulinganisha: ubao uleule, asubiri sekunde zilezile, kisha mshale umwonyeshe mpira wa kuhamisha, hatua kwa hatua. Hapo hana cha kupanga. Theta ikibaki juu vilevile, rudi kwenye kope. Ikishuka, nitumie mistari ya Fz na Fp1 pamoja tuitazame.